Skafu za Nakpo

Mimi sina subira, na mstari mzima wa nyumba zetu unalijua hilo. Kwa hiyo asubuhi ile jirani yangu Serkyi alipogonga dirisha na kuniambia nitulie, nilimjibu atulie yeye, maana mimi kaka yangu anarudi leo.

Kaka yangu anaitwa Khedrup. Alikuwa mtawa, na kosa lake ni kwamba kila likizo ya majira ya baridi aliwakusanya watoto wa wafugaji jikoni kwetu akawafundisha kusoma na kuandika lugha yao wenyewe. Hilo tu, hakuna jingine. Serikali ilimfunga miaka saba kwa hilo, na joho la utawa ikamvua. Binti yangu Metok alikuwa mmoja wa watoto wale. Sasa yuko bweni la serikali huko mjini, na akija nyumbani bibi yake akamsemesha, anamjibu Kichina. Nikilifikiria jambo hilo natamani kuvunja kitu.

Kwetu sisi mtu akitoka mbali, sembuse kifungoni, unamvalisha skafu nyeupe shingoni. Akishainamisha kichwa ukamvalisha, amefika. Asipovalishwa, hata akinywa chai na kulala kitandani kwake, bado yuko njiani. Mama yangu, ambaye macho yake yameshaingia ukungu, aliweka skafu moja tangu siku Khedrup alipochukuliwa. Alilala nayo kifuani miaka yote hiyo mpaka ikawa inanuka siagi na moshi, ncha moja imechanika kwa kushikwashikwa. Alikuwa na haja moja tu duniani, skafu ile iguse shingo ya mwanawe.

Sasa sikia walichotufanyia. Siku chache kabla, tuliitwa kituo cha polisi, mama na mimi. Afisa alizungumza Kichina, Norgye akatafsiri. Huyu Norgye ndiye mwenyekiti wa kijiji, mtu wetu wa damu ila mshahara wake unatoka kwao. Tukaambiwa siku hiyo hakuna mkusanyiko, kila mtu akae mlangoni kwake. Hakuna kumpa skafu. Mtu yeyote akimpa, ndugu au jirani, Khedrup anageuzwa palepale na kurudishwa alikotoka. Mama akauliza kama anaweza kumpa ya kwake moja tu, ndani, mlango umefungwa. Norgye akatazama viatu vyake, hata kutafsiri hakutafsiri.

Nilirudi nyumbani nikitukana njia nzima. Serkyi anauza chai, na mdomo wake unakata kuliko wangu. Alinisikiliza mpaka nikachoka, kisha akaniuliza, "Umemaliza? Haya, niambie. Nakpo ni wa nani?"

Nikamwangalia. Nakpo si wa mtu. Ni dume jeusi la yaki, wale ng'ombe wetu wa milimani wenye manyoya marefu, kubwa, lenye roho mbaya. Alizaliwa kwetu na Khedrup ndiye aliyemlea, enzi zile tukiwa bado malishoni na mahema yetu. Khedrup alipofungwa, mama alimwachia huru Nakpo kwa ajili ya uhai wa mwanawe, akamtia uzi mwekundu sikioni. Mnyama aliyeachiwa hivyo hauzwi, hachinjwi, habebeshwi mzigo. Anakwenda anakotaka mpaka afe kifo chake. Na watu humfunga skafu kwenye pembe na shingoni wakimwombea, ni desturi ya tangu na tangu, hakuna polisi aliyewahi kuikataza.

"Wamesema tusimpe Khedrup," Serkyi akasema. "Nakpo hawakumtaja."

Loo, moyo wangu ulivyoruka! Mpango ulikuwa mdogo tu: tumfunge Nakpo skafu za kijiji kizima, tumweke nyuma ya nyumba yetu, ili Khedrup akiingia nyumbani azione dirishani kwa macho yake. Aone kwamba hatukumsahau. Azione tu, basi. Tuliogopa hata kutamani zaidi.

Kwa hiyo asubuhi ile, kabla ya chai, tulikuwa nyuma ya nyumba tukimbembeleza yule dume kwa kipande cha chumvi. Watu walikuja mmoja mmoja, kila mmoja ana shughuli yake: huyu anatafuta kuni, yule kapotelewa na kuku, na sisi kuku hatufugi. Kila mmoja alifunga skafu yake akaondoka. Nakpo alinipiga pembe mara mbili, nina alama mpaka leo. Mama akaja wa mwisho akipapasa ukuta. Mimi nilishika kichwa cha mnyama, yeye akaingiza mkono chini ya manyoya ya shingo, akaifunga ile skafu yake pale pale penye ngozi.

"Mwambie ni yangu," akamnong'oneza yaki.

Chumvi ikaisha. Sasa hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa la wafugaji watupu: ukimwonjesha yaki chumvi kidogo, ukamnyima, utamtafuta. Na gari lenyewe tuliambiwa litakuja alasiri. Weee! Nilisikia injini asubuhi ileile, wamewahi makusudi ili watukute usingizini. Nakpo naye akainua pua. Gari limetoka mjini, limepita njia ya mlimani inayomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, limetapakaa chumvi kuanzia magurudumu hadi madirisha. Kamba ikanichomoka mkononi. Likaondoka dume, skafu zinapepea, mimi nyuma yake nalia na kucheka kwa pamoja, mpaka Serkyi akanivuta nguo na kunikumbusha nikae mlangoni kwangu.

Nikakaa mlangoni kwangu. Wote tukakaa milangoni kwetu, kama tulivyoamriwa. Serikali ilipotutoa malishoni ilitujengea nyumba za mstari, zote sawasawa, huku na huku, kila mlango unatazama barabara. Basi tazama: kijiji kizima kimejipanga pande mbili za njia kumpokea Khedrup, na hakuna aliyevunja amri hata moja.

Nakpo akasimama mbele ya gari akaanza kulamba. Akalamba taa, akalamba mlango, alipofika kwenye kioo cha pembeni akaking'oa kwa pembe. Dereva akapiga honi. Nakpo akaitikia kwa kulisukuma gari likayumba. Kwenye kiti cha nyuma niliona kichwa kilichonyolewa, na mabega membamba mno. Nikajiuliza huyo nani, ndipo nikamtambua. Jamani, alikuwa amebaki nusu.

Afisa akashusha dirisha kidogo na kumwita Norgye, akauliza hii takataka ni ya nani. Norgye akajibu kwamba si ya mtu, Mkubwa, ameachiwa. Afisa akaamuru aondolewe. Norgye akamshika Nakpo pembe, na mara moja akajikuta mtaroni, matope mpaka masikioni. Mtu akacheka. Nadhani nilikuwa mimi. Afisa akawa mwekundu, akatazama milango yote ile, watu wote wale kimya, skafu zote zile zikipepea mbele ya gari la polisi, na simu hazikosekani mifukoni mwa watu. Nilimwona anaogopa kupigwa picha.

Khedrup akamwambia kitu kwa Kichina. Kichina changu ni cha sokoni lakini hilo nililishika: huyo mnyama ananijua mimi peke yangu.

Wakamfungulia mlango. Akashuka, akasimama akishikilia gari. Kisha akaita. Si jina. Ule mwito wa kuwarudisha yaki jioni, unaotoka chini kabisa kooni. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, ilikatika katikati, akaianza tena. Nyuma yangu nikasikia mama anashika fremu ya mlango.

Nakpo akaacha kulamba. Akageuka, akamwendea, akaweka paji lake zito kifuani mwa kaka yangu, akatulia. Yule yule anayenipiga mimi pembe.

"Mvue hayo matambara yote," afisa akasema kwa sauti, kila mtu asikie. "Yote. Sasa hivi."

Khedrup akafungua skafu ya kwanza. Akafungua ya pili. Mikono ikajaa. Akatazama chini: matope, theluji iliyoyeyuka, kinyesi. Nani kati yetu anaweza kuweka skafu chini? Hata mtoto haweki, hata mlevi haweki. Akatutazama sisi. Akimpa mtu, watasema tumepeana skafu, na wanamgeuza. Mstari mzima ulijua anafikiria nini.

Akainamisha kichwa, akajivika ile ya kwanza shingoni. Kisha ya pili.

Afisa akauliza anafanya nini.

"Natii amri, Mkubwa," Khedrup akasema taratibu. "Umesema nimvue. Mikono yangu ni miwili."

Akaendelea. Ya Serkyi, yangu, za jirani zetu wote, hata nyingine za watu ambao nilidhani wametusahau kwa woga. Zikafika kidevuni, zikafika masikioni. Mwisho akaingiza mkono chini ya manyoya ya shingo, akatoa ile iliyochanika ncha. Akainusa. Akaivaa juu ya zote.

Afisa akamgeukia Norgye, ambaye alikuwa bado anapanda kutoka mtaroni, akamuuliza mtu kujivika mwenyewe hivi maana yake ni nini. Nilifumba macho. Neno moja tu la Norgye, na gari linageuka na kaka yangu ndani. Norgye akajifuta uso, akatutazama, safari hii hakutazama viatu.

"Haina maana yoyote, Mkubwa," akasema. "Hana tu pa kuziweka."

Afisa alisimama pale anahesabu hasara yake. Angeandika nini huko kituoni, kwamba mfungwa amevalishwa kwa amri yake mwenyewe, mbele ya kijiji? Akatema mate, akaingia garini, akasema Khedrup aripoti ofisini kwake kila Jumatatu, na gari likaondoka bila kioo.

Khedrup akatembea katikati ya mstari, Nakpo anamfuata akinusa mifuko yake. Hakuna aliyemgusa. Tuliinamisha vichwa tu, mlango baada ya mlango, na mimi nililia kwa nguvu, sikuona haya.

Mama hakusogea kizingitini. Akanyoosha mikono, akampapasa uso, akashuka shingoni, vidole vikapita kwenye hariri na pamba, vikapita, vikapita, mpaka vikaikuta ile ncha iliyochanika. Vikaganda pale.

"Mwanangu," akasema, "nani kakuvalisha hii?"

"Polisi, mama."

Mama alicheka mpaka Khedrup akamshika, wakakaa chini wote wawili kizingitini, paji kwa paji, na kicheko kikageuka kuwa kitu kingine. Nikaenda kutengeneza chai yetu ya siagi.

Kesho yake kipaza sauti cha kijiji kikatangaza kwamba kuanzia leo ni marufuku kumvalisha skafu mnyama wa aina yoyote. Aliyesoma ni Norgye, na alisoma haraka haraka. Khedrup alikuwa bado amelala na ile skafu shingoni, mama kakaa pembeni yake kaishika ncha. Mama akaniambia nifunge dirisha, makelele yale yatamwamsha mtoto wake.