Nusu Mwezi Juu ya Igogo

Jiwe la kwanza liligonga bati saa kumi jioni, nami niko ndani ya chumba chetu cha darubini, naifuta vumbi. La pili lilivunja dirisha. Nilipotoka nilimkuta jirani yetu Akumu, Mama Pius, mbele ya watu kama thelathini, kanga ya msiba bado kiunoni.

Pius alikuwa amezikwa juzi. Homa ya siku mbili tu. Alikuwa na miaka sita. Na sisi wa klabu ya kutazama nyota, walimu wawili, fundi redio na mimi mshona nguo, hata miezi mitatu ilikuwa haijaisha tangu tujenge kile chumba chenye paa la kufunguka juu ya mawe ya Igogo. Mtaani wakaanza kusema bomba la darubini yetu lilielekezwa nyumbani kwake.

"Teodora," Akumu aliniambia, "mlikuwa mnamtafutia nini mwanangu?"

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Mashimba, alininong'oneza nifunge mlango, niondoke. Nilijua nikiondoka, kesho nitakuta vifusi.

"Dada, ingia uangalie mwenyewe."

Aliingia peke yake. Nilisukuma paa. Nusu mwezi ilikuwa imeshapanda mashariki, upande wa Bujora, nyeupe kama kipande cha muhogo. Akumu aliinamia darubini.

"Haya mashimo?"

"Ni ya huko mwezini. Yapo tangu zamani."

Hakuondoa jicho. "Hii inafika alipo mwanangu?"

Jibu la kumpoza lilikuwa mdomoni. Msibani alikuwa amepewa mengi ya namna hiyo.

"Haifiki, dada."

Akalia, akiwa ameshika ukingo wa meza. Nilisimama karibu naye. Kisha alijifuta uso kwa kanga, akatoka.

"Humu mna mwezi tu," aliwaambia. "Nendeni mkapike."

Miaka minne imepita. Mwezi uliopita Akumu alivuka nasi kwa kivuko hadi Sengerema, kuwaonyesha watoto wa shule ya msingi madoa ya jua, tukiitupa picha ya jua kutoka kwenye darubini hadi kwenye karatasi nyeupe. Miguu ya darubini aliifunga mwenyewe. Upepo wa ziwa ulipovuma aliikumbatia darubini kwa mikono miwili, akamtazama msichana wa kwanza kwenye foleni, aliyekuwa anarudi nyuma kwa woga.

"Njoo, mama," alimwambia. "Nimeishika."