Aliyevusha Elfu Mbili

Jumapili ya mavuno Marietha alitenda kosa dogo kabla ya misa, tena kwa mapenzi. Alimvuta shoga yake Esta nyuma ya jiko la kigango, akamshindilia kiganjani noti alizokuwa amezifunga kwenye pindo la khanga tangu Alhamisi, akamwomba jambo moja tu: mnadani, kikapu cha mapeasi cha mumewe Severin kisipate aibu.

Mnada wa mavuno una desturi yake. Misa ikiisha, kila kilichopelekwa altareni hutolewa uani kikanadiwa, iwe kuku, mkungu wa ndizi au kabichi. Yai huweza kununuliwa kwa bei ya jogoo na hakuna anayeshangaa, maana mnunuzi hanunui yai, anamtolea Mungu. Akishalipa, mara nyingi humzawadia jirani kile alichonunua. Lakini mwaka uliotangulia mapeasi ya Severin yalinadiwa mpaka mnadishaji akakauka koo, mwishowe katekista akayachukua kwa huruma, kwa bei ambayo hata sokoni Soni wangeicheka. Severin hakula siku mbili. Marietha hakutaka kuona hayo tena.

Na mwaka huu mambo yalikuwa makubwa zaidi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, kila mtu ruksa kuuza, ruksa kununua, na wiki mbili kabla ya mavuno alikuwa amekuja mwalimu wa semina kutoka Dar es Salaam, tai shingoni, akawaambia wakulima kwamba anayemwomba Mungu, mwenye bahari, kijiko cha maji anamtukana. Tangu siku ile Severin hakuona tena kitu kidogo. Miti yao kumi na miwili ya mapeasi aliiita mradi. Alitaka kukodi lori, akusanye mapeasi ya mlima mzima, ayapeleke Kariakoo mwenyewe bila dalali. Pesa ya lori ingetoka kwa Neema.

Neema alikuwa ng'ombe wao pekee, na maziwa yake ndiyo yaliyomweka binti yao Lucy shuleni Kifungilo. Mfanyabiashara wa ng'ombe, Hassani wa Mlalo, alikwisha kuambiwa apite Jumatatu asubuhi. Marietha alipouliza kama ng'ombe anauzwa kweli, mumewe alijibu kwamba bado anasubiri Mungu aseme. Mungu atasemaje, hakueleza.

Marietha naye alikuwa amevurugikiwa. Padri alishahubiri habari za tajiri aliyetaka kujenga maghala makubwa, akafa kabla hajaweka gunia ndani. Sasa mwalimu wa semina anasema tupanue maghala. Alimwendea katekista kumuuliza lipi ndilo neno la Mungu. Katekista alifikiri sana, akasema yote mawili, akaenda kupiga kengele.

Basi mnada ukaanza. Kikapu cha Severin kilipoinuliwa, aliyefungua bei ni Paskali, fundi wa mashine wa kiwanda cha chai, mtu ambaye hata kiberiti hanunui bila kulalamika. Alitaja elfu moja. Watu wakageuka. Esta akapanda, Paskali akapanda, Esta akapanda tena, na jasho likawa linamtoka shoga wa watu kama anachimba shimo. Paskali akafika elfu moja na mia tisa. Esta akavuta pumzi, akataja elfu mbili. Paskali hakupanda tena, akatazama viatu vyake. Vigelegele vikapanda hadi barabarani, na Esta, kwa desturi, akatangaza kwamba kikapu ni zawadi kwa Mama Lucy. Hivyo mapeasi yakarudi nyumbani juu ya kichwa kilekile kilichoyaleta.

Njiani Severin alikuwa akilia. Marietha alidhani ni furaha ya kuondolewa aibu, akajisifu kimoyomoyo. Kumbe.

"Mama Lucy, Mungu amesema," alimwambia. "Nilimwekea alama. Nilimwambia, mapeasi yakifika elfu mbili kamili, nimwuze Neema. Na yamefika."

Marietha alishika kikapu kwa mikono miwili kisianguke. Mchana kutwa hakujua ashike lipi. Aliosha sufuria safi. Kama Mungu aliwahi kusema kwa kinywa cha punda, atashindwaje kusema kwa noti za kwenye khanga? Lakini yule punda hakuwa amepanga chochote nyuma ya jiko. Akisema, atamvunja mume mbele ya Mungu wake. Akinyamaza, Lucy anarudi nyumbani. Aliogopa, na hakujua anamwogopa nani.

Asubuhi alimkama Neema, akampa mumewe kikombe cha kwanza, akasema yote bila kumtazama. Esta alipewa pesa. Pesa zilikuwa zake yeye Marietha. Aliyevusha elfu mbili ni yeye.

Severin aliweka kikombe chini. Marietha alingoja ngurumo. Haikuja.

"Paskali naye nilimpa mimi," alisema Severin polepole.

Marietha hakuelewa. Ikabidi aelezwe kama mtoto. Severin aliogopa kikapu kisije kikalala tena kama mwaka jana, akampa Paskali pesa za kuchangamsha mnada, ila alimwekea mpaka: asivuke elfu moja na mia tisa. Huko juu aliacha nafasi kwa ajili ya Mungu. Mwanadamu afikishe, Mungu avushe. Na alipoisikia ile elfu mbili, alikuwa na hakika kwamba haikuwa sauti ya mwanadamu.

Marietha alitaka kucheka, akashindwa.

"Kwa hiyo uwanja mzima ule," alisema Severin, "hakuna aliyeyataka mapeasi yetu isipokuwa mimi na wewe."

Hapo ndipo Marietha alipomhurumia kuliko siku zote alizoishi naye. Akataka kumwambia labda hiyo ndiyo sauti yenyewe, lakini ya kusema nini? Uza? Usiuze? Hakujua.

Hodi ikapigwa. Hassani aliingia na kamba begani, akawasalimu, akaulizia habari za wanafunzi na za mashamba, akaketi. Alikuwa ametoka Mlalo alfajiri, tumbo tupu. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kikapu kilichokuwa karibu na kigoda, akang'ata peasi moja. Akatafuna. Akalitazama. Akang'ata tena, maji yakimchuruzika kidevuni, akala mpaka kikonyo, akachukua la pili.

Mtu huyu hakuwahi kukanyaga mnada wa kigango. Alikuwa Mwislamu, mchuuzi mkavu, na hakuna aliyemtia kitu kiganjani.

"Kwanza ng'ombe angoje," alisema Hassani. "Mapeasi haya mnauza? Yako mangapi kama haya?"

Severin alimtazama mkewe. Marietha alimtazama mumewe. Kila mmoja alikuwa akimkagua mwenzake usoni, akitaka kujua kama huyu naye katumwa.