Sukari ya Baba

Binti wa mwashi alikuwa amepiga magoti kando ya lami, anatapika, huku wenzake wakimpita bila hata kugeuka. Mwashi alisimama karibu naye na chupa tupu mkononi, asijue pa kuuficha uso. Mbio hizi ndizo za kuchagua timu ya taifa, na binti alikuwa wa pili mpaka alipofika kwenye meza ya vinywaji.

Lo, laiti angeiacha ile chupa kama alivyokabidhiwa na binti ampe njiani! Asubuhi, binti akiwa bafuni, aliifungua akaonja. Maji, chumvi na sukari kidogo, vyote vimepimwa kwa mizani ya jikoni. Mtu akimbie kwenye jua lote hili na kitu kama hiki? Binti alikwisha kumweleza: utamu ukizidi, tumbo la mkimbiaji hukataa hata maji. Yeye akaona hayo ni maneno ya vitabuni. Miaka nenda miaka rudi amepandisha matofali kwa chai iliyokolea sukari, na hajaanguka hata siku moja. Basi akamimina, akatikisa, akaongeza tena, kwa moyo mweupe kabisa.

Kocha alifika akihema, amefura kwa hasira.

"Umekunywa nini wewe?"

"Nilikosea kipimo, kocha," binti alijibu akijipangusa mdomo. "Ni uzembe wangu."

"Mwaka mzima wa mazoezi unaumwaga hivi hivi? Huna hata haya!"

Mwashi alifungua kinywa, akakifunga. Mtu mzima, mvi kichwani, anamwacha mwanawe asutwe kwa kosa lake! Aibu ilimwingia hadi kwenye mifupa. Kocha akaondoka kwenda kumwita daktari.

"Mama," mwashi alisema hatimaye, "ni mimi. Niliongeza sukari."

"Najua, baba. Nilijua tangu funda la kwanza."

"Sasa mbona ukamaliza?"



"Ulikuwa unakimbia kando yangu, kandambili zinakutoka, unapiga kelele, 'Maliza yote, mwanangu!' Watu wote wanatutazama. Ningeitupaje?"

Mwashi alishindwa kumtazama. Kule mbele kocha alikuwa anarudi na daktari, bado anafoka. Mwashi akajikaza, akaanza kumwendea kabla hajawafikia.