Ndege wa Chupa

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nakiri mapema, usije ukahangaika kumtafuta.

Ulikuwa mwaka wa themanini na mbili: bia adimu, chupa tupu tele. Jirani yangu pale Karatu, Germana, alizisaga chupa hizo, akajaza unga wake kwenye kalibu za udongo na kuuyeyusha katika tanuri la kaka yake mhunzi. Walitoka ndege wadogo kama kidole gumba: wa kijani, wa kahawia, na wawili wa buluu kutoka chupa ya dawa ya tumbo. Hoteli moja ya ukingoni mwa kreta ilitafuta pambo la ukumbi wa chakula. Kaka mtu akaonya: “Wakikukatalia, tanuri langu linarudi kwenye majembe. Ndege hawalimi.”

Fremu zao nikapewa mimi kuzitengeneza. Kazi yangu ya kila siku ni majeneza, lakini fremu ni nini? Ni jeneza lililokonda. Nikachonga mninga, nikabandika ndege kwenye kioo, nyuma nikapigilia plaiwudi, na kwa heshima zote nikaitandika kile kitambaa cheusi cha wateja wangu. Nilimkabidhi Germana asubuhi ya safari yetu, lori linapiga honi.

“Kaka Piusi, mbona umeziba nyuma?”

“Vumbi la njiani, dada. Niachie ufundi wangu.”

Hotelini, meneja, Ndugu Sylvesta, alizitazama fremu zilivyoegemea ukuta.

“Kunguru?”

“Ni ndege wa rangi, ndugu,” nikajibu.

“Kunguru ninao jikoni, wananiibia nyama.”

Akageuka aondoke. Germana aliomba kisu cha mezani, akabandua plaiwudi yangu na kitambaa chake, akainua fremu dirishani. Jua la kreta likapenya na kumwaga rangi zao. Ndege wa kijani akaanguka kwenye kitambaa cheupe cha meza, wa buluu akamtua meneja begani. Mhudumu aliacha supu ipoe.

“Hizi zote zinabaki,” alisema Sylvesta. “Na ulete nyingine.”

Tukirudi, juu ya magunia ya viazi, nikashindwa kunyamaza.

“Lakini kubali, dada. Bila mbao zangu, wale ni vipande vya chupa tu.”

“Mbao ni nzuri.”

“Misumari imekaa?”

“Imekaa. Imenivunjia kisu cha watu.”

“Sasa kosa langu liko wapi? Miaka kumi na miwili nafanya kazi hii, hakuna mteja aliyewahi kulalamika!”

“Kaka Piusi, wateja wako hawahitaji dirisha.”