Mgomba wa Déo

Kwao Kivu ya Kusini, mtu akipotea na maiti yake isionekane, jamaa hukata mgomba wa kimo chake, wakauvika nguo zake na kuuzika. Hapo matanga huisha, watu wakarudi mashambani. Bonaventure alikataa. Tangu wafike kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikataa, na mkewe Nabintu alikuwa amechoka kumwomba.

Mtoto wao Déo alikuwa mwangalizi wa kura. Wazungu wa shirika fulani walikuja kijijini wakasema wanaisaidia nchi itoke mkononi mwa mtu mmoja, irudi kwa raia. Wakawafundisha vijana na kumpa kila mmoja fulana mbili za buluu. Kura zilipohesabiwa, Déo alikataa kutia sahihi matokeo ambayo hakuyaona yakihesabiwa. Askari wakampakia garini akiwa na fulana yake mwilini. Mzungu mmoja alimshika Bonaventure mkono, akamwambia hawatalala mpaka Déo apatikane.

Bonaventure alilichukua neno hilo lilivyo. Kuzika mgomba, alisema, ni kuwapa ruhusa waache kutafuta.

Siku moja habari zikafika kambini kwamba shirika lilelile linafanya mkutano na wakimbizi hotelini mjini Mbarara, juu ya uchaguzi mwingine. Nabintu alikunja ile fulana iliyobaki, akaitia kwenye mfuko wa mumewe.

“Wakikusahau, uwaonyeshe,” alisema. “Waulize mutoto analala fasi gani.”

Hotelini kulikuwa na soda na picha ukutani za watu waliopanga mstari wa kupiga kura. Msemaji, mama mmoja wa Kizungu, alisema nchi yao imepiga hatua. Bonaventure akasimama na fulana mkononi, akauliza. Yule mama alitazama fulana, akafungua kompyuta yake, akasoma kwa muda, kisha akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Belyse, msichana wa Kirundi aliyekuwa akitafsiri, alimgeukia Bonaventure.

“Papa, anasema mradi ule ulifungwa. Waliokuwa kule wameenda nchi nyingine.”

“Na Déo, nani anamutafuta?”

Belyse hakumgeukia yule mama hata kumtafsiria. “Hakuna, Papa.”

Walimpa soda. Aliinywa yote.

Alitoka pale akatembea mpaka Kakiika, pembeni mwa mji, akamkuta mtu aitwaye Nkusi akivuna ndizi za matoke shambani kwake. Akamwomba shina moja. Nkusi alicheka, akamwambia hiyo ni chakula ya ng'ombe, mzee achukue ndizi. Bonaventure akasimama kando ya mgomba na kunyoosha kiganja juu ya kichwa chake, maana Déo alimpita kwa kiganja kimoja.

“Kata hapa,” alisema.

Nkusi aliona namna alivyoupima. Hakucheka tena. Alikata, akasaidia kuubeba hadi barabarani.

Aliposhuka garini Rwekubo, karibu na kambi, na mzigo wake begani, waendesha bodaboda wanaomfahamu walimtania: Papa Déo, Mbarara wamekula ndizi wakakuachia mti? Aliwapita.

Nabintu alikuwa akipepeta maharagwe mlangoni. Alipouona mgomba, ungo ulimteleza mikononi, na maharagwe yakamwagika. Hakuyaokota. Alikuja akainama, akaupima kwa mikono yake tangu shinani.

“Ni mufupi,” alisema. “Déo alikuwa murefu.”

“Haukuingia mu gari. Dereva aliukata.” Bonaventure aligusa pale ulipokatwa. “Nilimwambia asikate, Mama Déo. Nilimwambia.”

Nabintu alikaa chini kando ya mgomba, akafuta udongo uliokuwa umeushika.

“Haina neno,” alisema. “Na yeye alianzaka mufupi.”

Akatoa fulana kwenye mfuko wa mumewe, akauvika mgomba. Ilimfunika Déo mpaka chini, kama mashati ya baba yake aliyokuwa akiyavaa utotoni. Bonaventure akaingia ndani kutafuta jembe.