Sauti Nyuma ya Pazia

Arusi haikuitwa arusi mjini pale kama Chiriku hakuimba. Jina hilo alipewa na wapenzi wa bendi, likamganda mpaka mama yake mzazi akalizoea. Mumewe alikuwa fundi mitambo wa bendi hiyohiyo. Mapenzi yao yaliota kwenye nyaya na spika: yeye akiunganisha vyombo, Chiriku akijaribu kipaza sauti, "Moja, mbili, unanisikia?" na fundi akimjibu, "Hata ukinong'ona." Watu wakasema chungu kimepata mfiniko wake.

Vilivyotangulia kupotea vilikuwa vitu vidogo. Mluzi wa birika. Kengele ya mlangoni. Kisha mpiga gita akaanza kunung'unika kwamba siku hizi dada anaingia kabla ya wakati wake. Walipofika hospitali, daktari alimchungulia masikio, halafu akamgeukia mume na kuzungumza naye kana kwamba mgonjwa kabaki nyumbani.

"Kasemaje?" Chiriku aliuliza walipotoka kwa daktari.

Fundi alimshika mashavu, akatamka polepole ili amsome midomo. "Mishipa ya sikio inakufa. Dawa hakuna. Lakini una mume. Masikio yako ni mimi."

Wakatunga lugha yao. Kidole kikiinuka, sauti imeshuka, ipandishe. Kiganja kikilala, imepaa, ishushe. Ngumi, ingia. Walifanya mazoezi chumbani mbele ya kioo hadi wakaanguka kitandani kwa kicheko, na kwa muda mfupi uziwi ule ukawa na utamu wake, maana hakuna mwingine duniani aliyeijua lugha ile. Mwenye bendi hakuambiwa kitu.

Ni Chiriku mwenyewe aliyemleta mdogo wake, Kitinda, mziwanda wa nyumba yao, mtoto ambaye Chiriku alimbeba mgongoni wakati mama yao yuko kazini. Sauti za juu zilikuwa zimeanza kumtoroka, akataka mwitikiaji wa damu yake, asiyeweza kumsaliti kwa mwenye bendi. Jukwaa ni finyu, fundi akasema. Kitinda akae nyuma ya pazia, karibu na mitambo.

Mambo yakanyooka. Watu walishangilia kuliko zamani. Chiriku aliyaona makofi yao, meno yao, machozi ya mabibi arusi, akamwambia mumewe, "Ajabu, nimepoteza masikio nikapata sauti."

"Sauti hujawahi kuipoteza," fundi akamjibu.

Basi ikawa alasiri moja, arusini, katikati ya wimbo ambao mji mzima ulikuwa ukiujua, mate yakampalia. Alikohoa, akainama, kipaza sauti kikashuka hadi gotini. Alitarajia kuona miguu ikisita na nyuso zikimgeukia. Hakuna aliyesita. Bibi arusi alizidi kuzunguka. Midomo ya wageni ilifuata maneno ya ubeti wa pili, neno kwa neno, wakati mwenye kuimba amefumba mdomo.

Akamtafuta mumewe kwa macho. Fundi hakuwa akimtazama. Alikuwa amelielekea pazia, anatabasamu, na kidole chake kimeinuka.

Walipoingia nyumbani Chiriku hakuvua hata viatu.

"Tangu lini?"

Fundi aliinamisha kichwa. Chiriku akamwinua kidevu ili amwone midomo.

"Tangu arusi ya binti wa mwenye bendi," akasema. "Uliimba upogo, nje ya muziki, wimbo mzima. Watu walikuwa wakikucheka, nawe ukadhani wamefurahi. Ukawapungia mkono! Ningefanyaje? Nilikizima kipaza chako, nikakiwasha cha Kitinda. Nilikusitiri."

"Mlinivika kilemba cha ukoka."

"Nilikupenda."

"Na Kitinda?"

"Kitinda ni sauti tu."

"Kitinda anasikia," Chiriku alisema, bila kujua kama ananong'ona au anapiga kelele. "Anayesikia haoneshwi kidole. Kidole kile hakikuwa cha kazi."

Mume akageukia dirisha. Mabega yake yalionyesha kwamba anazungumza, tena anazungumza mengi. "Nigeukie," alimwomba. "Nigeukie nikuone." Hakugeuka mpaka alipomaliza, na alichokisema, ikiwa ni toba au matusi, Chiriku hakukijua, wala hakuambiwa tena.

Akaenda kwa mama yake, akamkuta uani anamenya viazi.

"Mama, ulijua?"

Mama alijibu huku ameinamia sufuria. Ikabidi ainue uso arudie, na safari hii alipaza sauti hadi jirani akachungulia juu ya ukuta. "Nimesema sikio la kufa halisikii dawa! Wewe ndiyo basi tena. Ulitaka na mwenzio akose?"

Chiriku hakulia. Alijiambia kwamba hata kama wote nyumbani wamemla kisogo, mji haujui, na mji una haki yake. Wiki iliyofuata alivaa gauni lake jekundu, akapanda jukwaani kama kawaida, akachezesha mdomo ubeti wa kwanza. Kilipofika kiitikio, akaweka kipaza sauti sakafuni, akatembea hadi nyuma, akalishika pazia kwa mikono miwili na kulivuta kwa nguvu hata vyuma vikang'oka.

Kitinda alikuwa pale, macho yamemtoka, kipaza mkononi, mdomo wazi kwenye noti ndefu. Kwa woga hakuweza kuikata.

Ukumbi ukasimama. Chiriku alingoja miguno, alingoja hasira, alingoja mtu mmoja tu aseme ametapeliwa. Watu walipanda juu ya viti wakishangilia. Walidhani ni mchezo uliopangwa, dada mkubwa anamkabidhi mdogo wake jukwaa, na akina mama wa mbele walikuwa wakijifuta machozi kwa uzuri wa jambo lile. Mwenye bendi alikuja akamshika Chiriku mkono na kuuinua juu. Kisha akauinua wa Kitinda, akauacha wa Chiriku.

Fundi alihamia kwa Kitinda kabla msimu wa arusi haujaisha. Chiriku alirudi chumba alicholala utotoni. Mabango mapya yalimwita mdogo wake Chiriku, bila hata kuongeza "mpya".

Lakini nyimbo huchakaa, na mtunzi wa nyimbo zote za bendi alikuwa Chiriku. Siku moja wakaja wawili, fundi na Kitinda, wakasimama mlangoni kama wadeni.

"Dada," Kitinda alitamka kwa mdomo mpana, kama anayesema na mtoto, "tunaomba wimbo."

Chiriku alikuwa nazo nyimbo, zimemjaa kichwani, hazina pa kutokea. Akamketisha mdogo wake kwenye kigoda, akamfundisha maneno, akaweka kiganja kooni mwa Kitinda ili aisikie sauti kwa ngozi.

"Imba."

Kitinda akaimba. Koo lilitetemeka sawasawa, likapanda pale pa kupanda, likatua pale pa kutua. Sauti haikuwa na dosari. Ilikuwa nzuri kuliko yake alipokuwa mzima, na mkono wake ulilijua hilo kabla moyo haujakubali.

"Umekosea," alisema. "Rudia."

Kitinda akarudia.

"Umekosea. Rudia."

Alimtazama fundi. Fundi alikuwa na masikio mazima, alijua kwamba binti hajakosea hata herufi moja. Akaangalia chini, akanyamaza, kwa sababu aliutaka ule wimbo.

"Rudia," Chiriku alisema, na akaendelea kusema hivyo hadi koo lile likaanza kukwaruza chini ya kiganja chake, na machozi ya mdogo wake yakamdondokea mkononi. Hakuuondoa mkono.