Mama Hajashuka

Jumatatu asubuhi dobi alisukuma kikapu cha mashuka yaliyoanuliwa uani hadi kwenye lifti ya nyuma, akabonyeza kitufe, akasubiri. Lifti ile huja ikijisikia. Kuta zake zimefunikwa magodoro chakavu ili makabati ya wapangaji yasichubuke, sakafu ni bati tupu, na harufu yake usiulize. Mlango ulipofunguka, mama yake alikuwa ndani, amesimama pembeni ya pipa la taka, amevaa aproni yake ya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Vuta kikapu, mlango usikubane."

Mama alikuwa amezikwa Ijumaa. Mwili ulishushwa, ukazikwa vizuri tu. Watu walikuja, wakalia, wakaondoka. Ila mwenyewe ndiye alikuwa hajashuka.

Juu ya mlango ule pameandikwa LIFTI YA HUDUMA. Mgeni akisoma anaweza kudhani humo ndani atahudumiwa. Thubutu! Maana yake ni kwamba anayewahudumia wenzake apite humo, pamoja na taka, majokofu mabovu, mbwa waliolowa na maiti. Lifti ya mbele ina zulia na kioo kirefu, na ni ya wapangaji. Mama alikuwa dobi wa jengo lile kabla hata ya binti yake, tangu kuta zinanuka rangi mbichi, na kioo hicho alikisikia tu kwa wanaokifuta.

Na si kila maiti, tusidanganyane. Mzee hakimu wa ghorofa ya nane alipofariki, mkewe alikataa katakata ashushwe na mapipa. Machela haikuenea kwenye lifti ya mbele, basi wakamkalisha kwenye kiti, wakamfunga tai, wakamshusha ameketi, na mlinzi akampigia saluti. Mama ndiye aliyeipiga pasi ile tai. Haukupita muda, moyo wake naye ukasimama, kwenye chumba cha pasi ghorofa ya tisa, pasi ikiwa bado ya moto. Yeye wakamshushia nyuma. Meneja alisema zulia la mbele limetoka kusafishwa.

"Sasa unataka nini, mama?" dobi aliuliza walipokuwa wakipanda.

"Kushuka kwa mbele."

"Hilo tu?"

"Kwani dogo? Maisha yangu yote nimepanda na uchafu wao, nikanyamaza. Na kufa nako nishuke nao? Sitaki. Wala simbembelezi mtu."

Kisha akainama, akachukua shuka kikapuni, akaanza kukunja. Hapo ndipo dobi alipochomwa. Kumwona mama yake hakukumsumbua hata kidogo, lakini ile mikono! Mtu amekufa, amezikwa, na bado anakunja mashuka ya watu, juu chini, juu chini, bila kupumzika. Lifti ilipofika juu, dobi alimwachia mama kikapu. Akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Meneja hakushtuka. Habari alikuwa nazo kutoka kwa fundi bomba, ambaye alikuwa akimwamkia marehemu kila alipopanda.

"Mimi sina malalamiko," alisema. "Tangu Ijumaa mashuka yanatoka mapema. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo amekufa."

"Najua, na pole sana. Lakini ni mfanyakazi, na mfanyakazi anatumia lifti ya huduma. Nikimruhusu huyu, wenzake nitawaambia nini?"

"Waambie karibuni."

"Dada, usinijibu hivyo."

Dobi akageuka, akatoka. Mchana, wapangaji wakiwa katika pilikapilika za kutoka na kuingia, alipanda mpaka ghorofa ya tisa, akamchukulia mama yake kiti cha chumba cha pasi.

"Kiti cha nini?" mama aliuliza. "Miguu ninayo."

Akavua aproni, akaitupa kikapuni, akamshika binti yake mkono. Wakapita korido ya mbele taratibu, bila kujibanza ukutani. Lifti ilikuja mara moja. Wakaingia.

Kwenye ghorofa ya nane ilisimama, akaingia mjane wa hakimu na mkoba wake.

"Lifti yenu iko nyuma," alisema.

"Tunaijua," dobi akajibu. "Tumetoka huko."

Mjane akamtazama mama vizuri. "Kumbe ni wewe! Afadhali. Foronya zangu zimekuwa tayari?"

"Zipo juu. Kazipige pasi mwenyewe."

Mama alikuwa amegeukia kioo. Alijitazama usoni, akafungua kilemba chake, akakifunga upya bila haraka. "Nimezeeka hivi," alisema, "na hamkuniambia."

Chini, mlinzi alisimama, akajinyoosha, akapiga saluti kama aliyompigia hakimu. Akafungua mlango wa kioo, pande zote mbili. Mama akatoka kwenye jua la mchana, akavuka barabara, akaenda zake. Dobi alilia palepale ukumbini, kwa sauti, wapangaji wakimzunguka kwa adabu kufuata lifti yao.

Kesho yake zulia lilikuwa limebadilishwa, na tangazo jipya limebandikwa: WAFANYAKAZI WOTE, WALIO HAI NA WASIO HAI, WATUMIE LIFTI YA HUDUMA. Dobi alipewa onyo. Akachukua kikapu chake, akaenda nyuma kama kawaida. Mlango ulipofunguka hapakuwa na pa kukanyaga. Alikuwamo yaya wa ghorofa ya tatu, yule aliyelea watoto wa watu mpaka kifua kikamuua. Alikuwamo fundi rangi aliyeanguka na jukwaa, ndoo yake mkononi. Nyuma yao vichwa vilijaa mpaka ukutani. Wengine aliwajua kwa kusimuliwa tu.

"Shikamooni," dobi alisema.

"Marahaba. Tumesikia mama ameshuka."

Tangu hapo kila mchana anamshusha mmoja kwa mbele, kisha anarudi nyuma kupanda na kikapu chake, amebanwa katikati yao. Meneja anabadilisha zulia. Wapangaji wanasogea, wanaulizia foronya.

Juzi meneja alimsubiri mlangoni pa lifti ya mbele. Alikuwa ametoka ofisini kwake hapo ukumbini, ambako nje ya mlango wasichana watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri kuitwa kwa usaili wa usafi.

"Utawashusha mpaka lini?"

"Mpaka waishe."

"Na wataisha lini?"

Dobi aliwatazama wale wasichana kwenye benchi, kisha akamshika fundi rangi mkono, amwongoze.

"Kwani umeacha kuajiri?"